Koti la Studio ya Mgaya

Usiku wa kuamkia leo niliota koti limeitwa kwenye usaili wa kazi, nami natakiwa kulisindikiza.

Koti lenyewe nalijua. Ni la Mgaya, mpiga picha wa hapa Makambako, jeusi, lina vifungo vitatu. Kila kijana wa mji huu aliyemaliza chuo amepigwa picha nalo. Nyuma ni kama halina kitu, maana Mgaya alilipasua mgongoni zamani ili limkae mnene na mwembamba, na akikuvisha analibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Jana mchana nilimpeleka mjukuu wangu Tusekile, tukakuta vibanio vimevunjika. Mgaya akaniambia, Mzee, hebu chuchumaa nyuma yake ushike. Nikachuchumaa. Kwenye picha ile na mimi nimo, ila sionekani.

Picha ni ya profaili. Tusekile amesomea udongo chuo kikuu, amemaliza mwaka mmoja na miezi minane iliyopita, na leo saa sita mchana ndiyo mwisho wa kutuma maombi kwenye kampuni moja ya maparachichi. Wanataka mtu mmoja tu, na kabla ya kumwita wanataka waone anavyoonekana mtandaoni. Jana jioni alinisomea masharti ya profaili nzuri: uso uchukue sehemu kubwa ya picha, mabega yaonekane, kusiwe na pengo katika miaka yako, ufahamiane na watu wengi, na useme unaweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nikamuuliza shinikizo la nani. Akasema waajiri wanapenda tu lisemwe. Nikaenda kulala nikiliwaza.

Ndotoni niko studio kwa Mgaya. Koti limekaa kwenye kiti cha wateja, linakunywa chai.

"Shikamoo," likasema.

"Marahaba." Kwa umri ni dogo kwangu, kwa hiyo sikuona ajabu.

Likanieleza shida yake. Kampuni imepokea maombi mia nne na kumi na mawili, na yote yamelivaa lenyewe. Wakubwa wamekaa kikao, wakaona huyu mwenye vichwa vingi ndiye mwenye uzoefu. Wenye vichwa hawakuwahitaji. Wamelichagua koti, lije lango kuu leo wamalizane nalo, na Jumatatu lianze kazi.

"Tatizo sina mgongo," likasema. "Na kazi ya ofisini, siku moja lazima ugeuke."

Nikaliuliza linataka nini kwangu. Likasema wewe si ndiye uliyenishika nyuma. Ukishika, mimi ni koti. Ukiachia, nafunguka.

Nikalishika. Tukatoka.

Mlango wa studio unatokea moja kwa moja kwenye lango la kampuni. Mimi nimeitembea nchi hii tangu nikiwa kijana. Nimekata mkonge Korogwe, nimechuma chai Mufindi, nimelala kwenye stesheni nyingi kuliko vitanda, na sijawahi kufika mahali upesi namna ile. Nikaona si haki.

Mbele ya lango kuna foleni ya wahitimu. Nyuso zimechukua sehemu kubwa yao: uso mpana kama ungo, mabega mawili, halafu viatu. Mmoja amelala chini ya magunia sita ya mbolea. Nikainama nimsaidie, akaniambia kwa sauti nyembamba kwamba yuko chini ya shinikizo na anafanya kazi, nisije nikamharibia. Mwingine anapeana mikono na watu mia tano asiowajua. Mkono umemvimba na watu bado wanakuja. Nikampa pole. Akanishukuru, akaniomba na mimi mkono.

Lango ni la chuma, la rangi ya kijani, na lina sauti ya mtu aliyekunywa maziwa baridi.

"Mwenye pengo hapiti," linasema. Halichoki kulisema.

Na kila mhitimu ana pengo lake mbele yake, shimo la mraba, refu kwa kadiri ya miezi aliyokaa nyumbani. Wengi wamelifunika shimo kwa mkeka wakasimama pembeni kama hawalijui. La Tusekile, la mwaka mmoja na miezi minane, lina mkeka ulioandikwa kwa herufi kubwa MSHAURI WA KUJITEGEMEA. Mimi husoma polepole. Darasa la kwanza nililisoma Kyela, la pili Tabora, la tatu sikukutana nalo. Kabla sijafika mwisho wa mstari, mguu ulikuwa umeshatangulia.

Tunaanguka taratibu. Koti likapata nafasi ya kumaliza chai yake.

Chini yupo Tusekile. Hana koti, mikono iko wazi, kanga kaifunga kiunoni, magoti yote udongo. Ameweka donge kiganjani analiviringisha mpaka linakuwa kama uzi mnene, halafu anaupinda aone unakatikia wapi. Hakutusalimia, na sikumlaumu, mtu akiwa kazini yuko kazini.

Kuta za shimo zina matabaka, na matabaka yanaongea kwa zamu. La juu, jeusi, likasema lenyewe ni mwezi wa tatu: maharage ya Mama Kilasi yalikuwa ya njano, huyu akaja akaninusa, akasema njaa iko chini, si kwenye majani. La pili, jekundu, likasema lenyewe ni mwezi wa saba, shamba la shule: watoto sitini walishushwa humu mmoja mmoja, na kila aliyepanda juu alikuwa ananijua. Likafuata la kijivu, gumu, usawa wa kiuno.

"Mimi ni viazi vyako, Mzee," likasema.

Nikalikumbuka.

Nikamuuliza Tusekile kwa nini haya yote hayamo kwenye profaili. Hakuinua kichwa.

"Babu, haya hayana ofisi. Hayana mshahara wala barua. Haya ni ya shimoni."

Hapo lango likainama juu yetu. Lango la chuma haliinami kwa haraka, bawaba zililia mpaka likatulia.

"Nani anamfahamu huyu?" likauliza.

Koti likawahi kujibu. Ni mtu mkweli, lile koti. "Mimi simfahamu. Nilimkumbatia dakika mbili."

"Na wewe, Mzee?"

Nikashikwa na woga. Swali hilo ndilo nililoulizwa maisha yangu yote. Mgeni akifika kambini haulizwi cheti, anaulizwa hapa unajulikana na nani. Mara nyingi nilikuwa sina mtu. Nimelala nje ya mageti mengi kwa kumkosa mmoja tu wa kusema, huyu nilimwona akishika jembe. Sasa mtu huyo ni mimi, na nikikosea, atakayebaki nje ni mtoto wa mwanangu.

Nikaanza na maneno ya mtandaoni. Nikasema ni mchapakazi, ana ari, anashirikiana na wenzake. Lango likapiga mwayo, nikaiona kufuli kooni mwake. Likasema hayo limeshaambiwa mara mia nne na kumi na mbili tangu asubuhi.

Tusekile akanivuta suruali. "Babu, usiseme ya shimoni."

Nikayasema.

"Masika ya mwaka jana viazi vyangu vilioza vyote," nikasema. "Watu wakaniambia nimerogwa, wakanitajia na aliyeniroga, jirani yangu Ngailo. Nikaamini. Nikaacha kumsalimia. Huyu akaja na jembe, mvua inanyesha, akachimba mpaka kiunoni. Akanionyesha tabaka la kijivu, gumu kama sahani. Akasema, Babu, hujarogwa, maji yakifika hapa yanakosa njia. Akachora mfereji kwa kidole, nikauchimba. Mwaka huu nimevuna magunia kumi na moja. Na Ngailo tunasalimiana."

Huko juu foleni nzima ikachungulia, hata yule wa chini ya mbolea. Halafu lango likafunguka, upana wa kiganja.

"Na koti?" likauliza. "Koti tumeshalipangia meza."

Koti likasema limechoka kuitwa kazini. Likaking'oa kifungo chake cha katikati, kikaanguka kwenye ule udongo wa kijivu, likakiokota kwa ncha ya mkono wake mtupu na kunikabidhi.

"Mpe Mgaya," likasema. "Mwambie asikishone."

Tusekile akaanza kupanda. Ukuta ulikuwa unateleza, akaninyooshea mkono. Mimi mkono mmoja una kifungo, wa pili umeshika koti. Nikaliachia koti nimshike mtoto. Likafunguka lote, nami nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Tusekile alikuwa amekaa kizingitini, simu mkononi, amevaa kanga yake ya kushindia. Akaniamkia, nikaitikia. Akasema kila kitu kiko tayari, kimebaki kubonyeza tu, ila kuna kitu kinamsumbua. Akaniuliza koti la jana lilikuwa na vifungo vingapi.

Nikamwambia vitatu. Nilimwona akivifunga kimoja kimoja kabla sijachuchumaa.

Akanigeuzia simu. Pichani viko viwili. Katikati pamebaki uzi unaning'inia.

Akasema labda kilikatika wakati picha inapigwa, hakuna aliyeona, sasa watamdhania mzembe, itabidi arudi kwa Mgaya wapige nyingine. Nikamwacha aseme. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali niliyolala nayo, nikitafuta tumbaku yangu. Vidole vikagusa kitu cha duara.

Nilikitoa nikakitazama bila kumwonyesha. Matundu yake manne yamejaa udongo wa kijivu. Udongo ule hapa kwetu hauko juu ya ardhi. Upo kiunoni.

Nikakirudisha mfukoni. Nikamuuliza shimo la kufika kiunoni huchimbwa kwa muda gani.

Akaniangalia kama ananipima homa. "Saa mbili hivi, Babu, mkiwa wawili. Kwa nini?"

"Saa sita bado," nikamwambia. "Lete jembe. Na hiyo simu njoo nayo."