Nitakuambia Baadaye

Mimi ni kinyozi, na sijawahi kuona kinyozi mnyamavu akadumu na wateja. Kwa hiyo nilipopata binti kiziwi, majirani walinihurumia: jamani, huyu na maneno yake yote, atamsimulia nani? Walikosea. Maneno niliyahamishia mikononi. Nikiwa kazini wembe unapumzika kila dakika, nimweleze binti yangu redio imesema nini na mteja kajibu nini. Wapo wateja walioondoka na nusu ya ndevu kwa hasira. Waende salama.

Naye alinipa jina. Vidole viwili karibu na shavu, vinafunguka, vinafungana: Mkasi. Ni nani asiyependa kuitwa kwa kazi yake? Jina hilo nililibeba kifua mbele.

Mwaka huu alifaulu mtihani wa kuingia chuo kikuu, na kwenye hisabati aliwaacha wenzake mbali. Wenzake wakaletewa barua za kupokelewa. Yeye, kwa kuwa kwenye fomu aliandika "kiziwi", akaletewa barua ya usaili. Nilikasirika sana. Tangu lini masikio yakajumlisha? Lakini nikavaa shati langu la kola, nikaenda naye niwe mkalimani wake.

Tuliingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayolalamika. Palikuwa na watu watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani; mhadhiri wa hisabati, mwenye kipara kisichompa kinyozi riziki; na pembeni karani, mwanamke kijana aliyekuwa akiandika kila kinachosemwa.

"Kwa nini unataka kusoma hisabati?" mwenyekiti aliuliza.

Nikamtafsiria binti yangu. Akajibu. Nikawageukia wakubwa. "Anasema tangu utotoni alikuwa akihesabu nywele kwenye sakafu ya kibanda changu, na kwamba hisabati ndiyo mama wa maendeleo, na taifa lolote lile..."

Karani akaangua kicheko. Alijiziba mdomo, lakini kilishatoka.

"Samahani, mwenyekiti. Kaka yangu ni kiziwi, lugha hii naijua. Binti amesema, 'Kwa sababu inanifurahisha.' Yaliyobaki ni chumvi ya mzee."

Binti yangu hakusikia, lakini nyuso alizisoma. Akanitazama, akaweka vidole shavuni, kisha akashusha kiganja taratibu.

"Sasa amesema nini?" mhadhiri akauliza.

"Ameniita jina langu," nikasema. "Mkasi. Kwa sababu ya kazi yangu."

"Mzee wangu," karani akasema kwa upole, "mkasi hauwekwi shavuni. Huo ni mdomo. Amesema, 'Domo, tulia.'"

Miaka kumi na sita! Miaka kumi na sita naitikia Domo huku nikitabasamu. Mhadhiri alicheka hadi kipara kikang'aa. Nikaketi kitini, na karani akachukua kazi yangu.

Mwenyekiti peke yake hakucheka sana. Alivaa miwani yake. "Binti, nitakuambia ukweli. Chuo hiki hakijawahi kupokea mwanafunzi kiziwi. Wakalimani hatuna. Darasani utafanyaje?"

Niliogopa. Nilifahamu sauti ile, ndiyo ya mtu anayefunga mlango polepole ili usisikike. Nikataka kuruka nijibu, nikaukalia mkono wangu.

Binti yangu alijibu kwa kirefu. Karani alitafsiri kituo kwa kituo, na kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Anasema: maisha yangu yote, watu wakicheka nauliza kuna nini, nao wananiambia, 'Nitakuambia baadaye.' Shangazi zangu, walimu, hata daktari. Hiyo baadaye bado naingoja. Mtu mmoja tu hajawahi kuniambia hivyo. Hunieleza yote, ya redioni, ya barabarani, hata ninayosengenywa mimi mwenyewe. Nitafutieni mtu kama Baba, nitasoma kama wengine." Karani akasita, akatabasamu. "Ila awe na mdomo mdogo kidogo."

Nilitazama feni. Kinyozi halii mbele za watu, hasa mbele ya kipara.

Mwenyekiti alikusanya karatasi zake, akazigonga mezani zikae sawa, akasema kama alivyowaambia watu wote waliowahi kuketi pale, "Haya, asanteni kwa kuja. Tutawajulisha baa..."

Karani aliacha kalamu hewani. Mhadhiri akakohoa. Feni tu ndiyo iliyoendelea na malalamiko yake.

Mwenyekiti alimtazama mhadhiri, naye akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamtazama karani. "Kaka yako anawafahamu wanaoweza kazi ya ukalimani?"

"Wengi tu, mwenyekiti. Hakuna aliyewahi kuwaita."

"Utawaita leo." Akavuta fomu ya binti yangu, akaisaini. "Amepokelewa."

Binti yangu alinivuta mkono wa shati. *Wamesema nini?*

Karani akanyanyua mikono yake amjibu. Nikamzuia. Hilo lilikuwa langu. Ningeweza kumwambia asubiri kidogo nijikusanye. Sikumwambia asubiri.

*Umepokelewa,* nikamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sikuongeza neno.