Kaburi la Mkono Mmoja

Sururu ililia kwenye jiwe, ikanyamaza. Ikalia tena. Onesphory alisimama njiani, begi begani, akasikiliza. Kijijini kwao Maretadu kaburi huchimbwa na wanaume kumi na zaidi, wakipokezana na kutaniana, na kelele zao hufika mpaka bondeni. Hii ilikuwa sururu moja, tena ya mtu aliyechoka.

Alipofika kando ya nyumba alimkuta dada yake Marieta, shimo limemfika magotini, kanga kaifunga kiunoni. Mwanamke anamchimbia mama yake kaburi. Kwa aibu Onesphory alisahau hata salamu.

"Wanaume wako wapi?"

"Kwa mzee Severine, ng'ambo ya njia. Wamekaa tangu asubuhi. Wanakusubiri wewe, kaka. Na katekista anakuja kuongoza maziko saa tisa."

Ilikuwa saa sita imepita. Onesphory alimpokea sururu, akashuka, akachimba kwa hasira. Miaka minne ya kukamua alizeti kiwandani, mjini Katesh, ilikuwa imemkomaza mikono, lakini mwamba haujali mikono ya nani. Nusu saa nzima, na shimo halikuongezeka hata shubiri moja. Akatoka, akavuka njia.

Walikuwa kama kumi na watano, majembe yamelala miguuni pao. Hakuna aliyeinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na simu yako?"

"Ninayo."

"Basi itume ikachimbe. Si ndiyo unayoituma misibani?"

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Onesphory alikuwa na kiburi, na kiburi ndicho kilichomjibia.

"Kule kiwandani ukikosa siku moja, tajiri anampa mwingine kazi. Dawa za mama mlidhani zinatoka wapi? Nimetuma pesa ya rambirambi kwa simu kwa kila msiba wa hapa. Sikuruka hata mmoja."

"Hukuruka," mzee Severine alisema taratibu. "Ya msiba wa mke wangu tulinunulia sukari. Chai ilikuwa tamu. Shimo tulichimba sisi sita, mvua inatunyeshea. Mama yako alikaa jikoni kwangu siku tatu, kila anayeingia anamuuliza mwanao yuko wapi, naye anainamisha uso kwenye sufuria. Huyo ndiye aliyekulipia, Onesphory. Si simu."

Hili la sufuria mama hakuwahi kumwambia. Kila alipopiga simu, mama alisema watu wanakusalimia sana, mwanangu.

"Niambieni mnachotaka."

"Patriki wa kule juu amefariki jana. Anazikwa kesho."

Kesho. Tajiri alikuwa amempa ruhusa ya leo tu, na kesho alfajiri asipoonekana kwenye mashine, asijisumbue kurudi. Mahindi ya mwaka huu yalikuwa yamekauka yakiwa machanga. Marieta ana watoto watatu, wote wanakula kwa mshahara ule.

Alitazama ng'ambo. Dada yake alikuwa ameshuka tena shimoni, kichwa kikiinama na kuinuka. Hakuna mwanaume aliyeweza kumtazama.

Onesphory aligeuka, akasema kwa sauti wote wasikie:

"Mzee Severine, kesho nitakuwa kwa mzee Patriki kabla yenu wote. Nitakuja na jembe, na sitaondoka mpaka udongo wote urudi shimoni. Inukeni tumzike mama."