Vidole vya Wendelin

Mji mzima ulilijua gari la Wendelin Häußler: jekundu, la spoti, milango miwili, la miaka ya themanini, na taa zake zilichomoza kwenye boneti kama macho ya chura. Hakuna fundi aliyewahi kuligusa. Oili, plagi, klachi, yote alifanya mwenyewe katika gereji ya nyumbani. Kilichompa jina hasa ni mkanda wa taimingi. Aliushika katikati kwa kidole gumba na cha shahada, akausokota, akafumba macho. Ukigeuka robo mzunguko kwa nguvu kidogo tu, uko sawa. Ukizidi, umelegea, na ukilegea utaruka meno, pistoni zizigonge valvu, na injini ndiyo imekwisha hivyo.

Gerold Pfisterer, mwokaji mikate, alikuwa rafiki yake tangu shule. Naye zamani alikuwa na gari kama lile, na kwa kuwa hakujiamini alinunua kipimo cha kuonyesha mkanda umekaza kiasi gani. Ikawa kosa. Kila Ijumaa, kwenye meza yao ya baa, Wendelin aliinua bilauri ya sharubati kali ya matufaha na kusema, "Jamani, msimpe Gerold mkanda. Ataukanda!" Watu wakicheka aliongeza, "Ana kipimajoto chake lakini. Gerold, hebu tuambie, huwa unakiingiza wapi?"

Miaka ishirini walicheka. Gerold alicheka pamoja nao. Hata alipouza gari lake utani haukuisha.

Kisha Wendelin akapata saratani ya utumbo. Dawa zilimponya, ila zilimwachia ganzi katika vidole na kichwa kilichosahau mambo. Mkewe Irmtraud ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Kule baa hakumweleza mtu.

Jumamosi moja ya Aprili alimwita Gerold gerejini. Mkanda ulikuwa mpya, aliufunga kabla ya kuugua, na mkanda mpya hulegea kidogo ukishatembea. Ulitakiwa kukaguliwa. Kifuniko cha plastiki kilikuwa kimeshafunguliwa, bolti zake zimetapakaa sakafuni kwa kumponyoka.

"Gusa hapa, ndugu yangu," Wendelin alisema bila kumtazama. "Uniambie."

"Mimi? Mwokaji?"

"Gerold, usinifanye niombe."

"Wewe unaonaje?"

"Naona kama umelegea. Lakini vidole hivi siku hizi sijui vinasema nini. Sijui hata nasokota kwa nguvu kiasi gani." "Kile kipimo chako bado unacho? Ungekileta."

Gerold aliinama akaushika mkanda. Ulizunguka kirahisi, robo ikapita, ukakaribia nusu. Hakuhitaji kipimo chochote. Kilichomjia kichwani ni vile vicheko vya baa. Alijua mtu hafi kwa mkanda wa taimingi. Inayokufa ni injini.

"Uko sawa kabisa," alisema. "Kipimo cha nini? Kesho si tunapanda mlima wote na magari? Funga, tule."

Wendelin alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Irmtraud akawapa mchuzi wenye vifuko vya unga vilivyojazwa nyama. Gerold alikula sahani mbili.

Kesho yake magari sita ya kizamani yalipanda milima ya Alb, Gerold akiwa abiria wa Egon. Wendelin alitangulia, kama kawaida yake. Kwenye kona ya tatu alikanyaga mafuta, na ndani ya injini kukasikika mlio kama kabati la vyombo linaloanguka. Kisha kimya. Gari likasimama kando ya msitu.

Wenzake waliposhuka walimkuta ameshafungua boneti, mikono imening'inia. Egon, mchekeshaji wa meza yao, alichungulia ndani.

"Lo! Leo nani kaukanda?"

Wakacheka. Wendelin akabaki anautazama mkanda.

"Ni mimi," alisema. "Vidole vyangu vimekufa. Gerold alikuja kunisaidia tu, hana kosa."

Hapo Gerold angeweza kunyamaza, na ingetosha. Lakini utamu ulikuwa umeshampanda.

"Si nilikwambia, mzee? Nilikwambia umelegea, upeleke kwa fundi. Ukanibishia."

Wendelin alimkazia macho. Midomo yake ilicheza, akitafuta kumbukumbu ya jana kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba chenye giza.

"Ulisema hivyo?"

"Mbele ya gari hilihili."

"Basi… basi ulisema," Wendelin akajibu, na masikio yake yakawa mekundu.

Kabla majira ya joto hayajaisha alimwuzia Gerold lile gari kwa bei ya chuma chakavu, akampa na spana zake zote. Gerold akalipeleka kwa fundi, likafufuka, akawa analipitisha polepole mbele ya nyumba ya Wendelin kila Jumapili baada ya kanisa.

Asubuhi moja Irmtraud aliingia katika duka la mikate la Gerold, wakiwa wawili tu.

"Shemeji, jioni ile aliniambia. Alisema, 'Naona umelegea, lakini Gerold kasema uko sawa.' Aliniambia kabla hamjapanda mlima."

Gerold alipanga mikate rafuni.

"Sikuja kukudai gari," mama yule alisema. "Mwambie tu mara moja kwamba vidole vyake havikukosea. Anakaa gerejini anajitukana. Mwambie."

"Mumeo husahau, Irmtraud. Pole sana. Nikufungie mingapi?"

Alitoka bila mkate, hakurudi tena. Wala hakumwambia mumewe kitu. Aliogopa kumwondolea na rafiki aliyebaki. Kwa hiyo Wendelin akawa anakuja kununua mwenyewe.

"Gari linaendaje?" aliuliza siku ya kwanza, watu wamepanga foleni nyuma yake.

"Safi. Sasa limepata mwenye mikono."

Wendelin aliitikia kwa kichwa. Akapokea mfuko, na mfuko ukamteleza vidoleni, mikate midogo ikabingirika hadi mlangoni. Akapiga magoti, akaanza kuiokota mmojammoja, kila anaoushika unamponyoka tena. Mwanamke mmoja akataka kuinama amsaidie.

"Mwache," Gerold alisema kwa sauti ya upole. "Anapenda kufanya mwenyewe. Haya, anayefuata!"