Adui wa Mguu wa Vitus

Kidonda cha Vitus kilianza na kijiwe ndani ya buti la shambani, na kama mambo yangeishia hapo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Madibira hakuna kidonda kinachoanza na kijiwe. Mtu mwenye mpunga uliokubali na bati jipya juu ya nyumba hachubuki hivi hivi. Mtu wa namna hiyo hutegewa dawa.

Juliana, mke wake, alimpeleka zahanati. Nesi Happy akampima damu, akasema ni kisukari, tena cha siku nyingi. Kidole kimeanza kuoza, aende hospitali ya Tosamaganga kabla mguu wote haujaharibika, na vidonge atameza maisha yake yote. Aliyasema hayo kwa pumzi moja huku anaandika, kama anayetaja bei ya sabuni, maana nje kulikuwa na foleni ya kina mama na watoto wanaolia. Ukweli ukawa umesemwa, ila haukumtisha mtu wala kumfurahisha.

"Kisukari wanapata matajiri wa mjini," Vitus alinung'unika njiani. "Mimi nakula ugali."

Nyumbani walikuta wageni wameshafika kumjulia hali, kila mmoja na kilo yake ya sukari, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa: huendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Kila mmoja alikuja pia na mgonjwa wake wa mfano. Silvester, mdogo wake Vitus, alimjua mtu wa Rujewa aliyekanyaga dawa mlangoni kwake, akavimba mguu, akakimbilia hospitali, akakatwa, akafa. Mwingine alivimba vilevile, ila yeye alikwenda kwa mtaalamu, akatolewa mguuni sindano za kushonea magunia na jino la fisi, na leo anacheza mpira. Jino la fisi! Hata Juliana alisogeza kigoda asikie vizuri. Nesi wa watu angeshindana vipi na jino la fisi?

"Halafu mtu hivi hivi hategewi, kaka," Silvester alimalizia. "Wanategewa wenye kitu."

Vitus akajiweka sawa kitandani. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwonea wivu, na sasa kidole kimoja kimempandisha cheo. Kisukari kingemfanya mgonjwa kama wagonjwa wengine. Kutegewa kulimfanya mtu mkubwa. Nani anakubali kushushwa cheo akiwa amelala?

Basi akaisimulia hadithi hiyo kwa kila aliyeingia, nayo ikawa inanenepa jinsi yeye alivyokonda. Kidole kikawa cheusi. Wageni waliziba pua kwa heshima, wakamwongezea sukari kwenye uji apate nguvu. Juliana alibembeleza, akalia, akamwita katekista aje kumshauri. Katekista alikaa nusu saa, akaondoka ameamini.

Asubuhi moja, akifungua bandeji, Juliana aliona wekundu umeshavuka kifundo cha mguu. Akaogopa kweli. Alimpenda mwanamume huyu, pamoja na kichwa chake kigumu, na hakutaka kumzika kwa sababu ya jino la fisi. Akafunga mlango.

"Baba Pendo, kuna neno nimelisikia kule mashineni. Nilikuwa sitaki kukwambia."

"Neno gani?"

"Huyo aliyekutega anajisifu. Anasema Vitus hawezi kukanyaga Tosamaganga. Kila akitaka kwenda, dawa itamtafutia sababu ya kubaki. Akifika tu pale, dawa imekufa."

Vitus akazikumbuka sababu zake zote za kubaki, na kila moja ikamtia hasira zaidi.

"Mimi? Nisifike?" alinguruma. "Nipe suruali!"

Kwenye basi la Mafinga alimgombeza dereva kwa mwendo wa kinyonga. Hospitali walikata vidole viwili, wakauokoa mguu, wakashusha sukari. Akarudi Madibira na fimbo, anasimulia alivyomshinda adui pale getini. Madaktari walikuwemo kwenye hadithi hiyo, lakini kama wapiga makofi.

Sasa, adui bila jina hanogi. Juliana hakumtaja mtu, kijiji kikamtajia: Gwakisa, jirani aliyepakana naye shamba, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mkimya. Tena ushahidi ulikuwepo. Gwakisa alikuja kumwona mgonjwa na fungu la mboga, kwa sababu alisikia nesi amesema ni kisukari. Mtu gani mwenye moyo safi anakwenda kwa mgonjwa bila sukari?

Juliana aliyasikia, akakaa kimya, kwa kuwa alikuwa na shida nyingine. Vitus aliacha vidonge. "Adui kashindwa, vidonge vya nini?" Hadithi ikiisha watu huinuka waende zao, kisukari hakina adabu hiyo. Kiu ikarudi, macho yakaingia ukungu, na Juliana akajikuta anasema: "Nimesikia ameapa upya. Anangoja tu uache dawa." Vitus akameza. Tangu siku hiyo, asubuhi na jioni, mama wa watu alitenga kidonge, maji, na habari mpya za adui. Adui alitunzwa nyumba ile kuliko kuku.

Jioni moja Gwakisa alisimama uani, kofia mkononi.

"Shemeji, nimekuja kuaga. Tunarudi Tukuyu. Mke wangu sokoni hanunuliwi kitu, watoto wanakimbiwa shuleni. Sijui nimemkosea nani."

Juliana aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kulikuwa na sentensi moja ya kusema, fupi, ya pumzi moja kama ya nesi. Ndani Vitus akaita: "Mama Pendo! Leo umesikia nini huko?" Kidonge kilikuwa mezani, kinangoja jibu. Gwakisa akihama, adui atakuwa amekimbia; na adui akikimbia, Vitus atakuwa ameshinda tena, na safari hii hatabaki hai kuusimulia ushindi wenyewe.

"Usihame, jirani," alisema, akamshika mkono. "Nakuomba. Wewe si mtu mbaya. Mimi nalijua hilo."

Macho ya Gwakisa yakalowa. "Ndaga fijo, shemeji. Asante sana. Kumbe yupo hata mmoja anayeniamini! Basi, tutabaki."

Akaenda zake amenyooka mgongo. Juliana akaingia ndani na kikombe cha maji, asiweze kumtazama mumewe.

"Nani yule?"

"Gwakisa."

"Anasemaje?"

"Anasema haendi popote," alijibu Juliana.

Vitus akameza kidonge.