Damu Haina Adabu

Siku ya tatu baada ya Lagimaina kupasuliwa moyo, namba yake, ile ya kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, ilikuwa mia na themanini. Daktari Whetu akasema ni kawaida. Mwili uliochanwa lazima ununune. Siku ya tano ikashuka hadi tisini, na bibi yake, Siutaia, akala taro, magimbi ya kwao, kwa hamu kwa mara ya kwanza tangu watoke Samoa kuja Auckland. Siku ya saba asubuhi ikapanda tena: mia na sitini.

"Damu inasema mwili unapigana na kitu," alisema Daktari Whetu. "Kimejificha wapi, sijui. Nisipokiona hadi saa sita mchana, itabidi nifungue kifua tena."

Bibi Siutaia akashika ukingo wa kitanda. Kifua cha mtoto wa miaka saba si mlango wa duka, kufunguliwa kila siku!

"Lagi, mama, unaumwa wapi?" daktari akauliza.

"Siumwi, daktari. Ahsante."

"Kichwa? Tumbo?"

"Mzima kabisa. Ahsante."

Jasho linamtoka, na tabasamu kalinyoosha kama yuko kwenye picha ya kanisani. Bibi alilijua tabasamu lile. Alilifundisha mwenyewe, kwa ufagio: mbele ya wageni hatulalamiki.

Saa nne nesi akauliza. Mzima. Saa tano, mzima. Saa tano na nusu kitanda cha magurudumu kikaingia, na bibi, mwili wote ule, akajipachika mlangoni.

"Lagimaina! Leo nakuamuru ukose adabu. Hata mimi nitukane. Unaumwa wapi?"

Mtoto akamkodolea macho. "Hutanichapa?"

"Nikikuchapa, Mungu anichape mie."

"Mguu," akanong'ona. "Tangu juzi. Soksi zako zinabana, bibi."

Soksi nyekundu za sufu, kazi ya mikono ya bibi. Kila nesi aliyetaka kuzivua aliambiwa baridi ya Auckland itamwua mtoto kabla ya kisu.

Daktari akavua moja. Pale mguuni ilipochomolewa sindano ya dripu pamevimba, pekundu, pa moto kama birika la kakao.

"Kumbe uko hapa, mwizi wewe!" akasema. "Kitanda kirudisheni. Leteni dawa."

Siku mbili baadaye namba ilikuwa themanini. Bibi hakupata nafasi hata ya kushukuru.

"Uji wao mbaya," alisema Lagimaina. "Mafuta yako yananuka. Halafu unakoroma."

"Basi, mama, umeshapona."

"Bado, bibi. Sijafika kwenye kuimba kwako."