Kioo cha Rahabu Nilichokisugua kwa Majivu

Sokoni Lukozi walisema binti yangu Rahabu amerudi kutoka chuoni na kioo kinachoona watu ndani ya nguo. Nilicheka mbele yao, lakini neno lile lilinifuata mpaka jikoni. Jumamosi washenga wa kijana Kristian walikuwa wanaleta posa. Wakilisikia je?

Wazazi wenzangu, mimi niliishia darasa la saba. Nawaandikia msije mkafanya nilivyofanya.

Jumamosi hiyo Rahabu akiwa anaoga, nilifungua kiboksi chake. Vioo viwili, ukubwa wa kucha, vina utando wa zambarau. Nikasema huu ndio wenye kuona. Nikausugua wa kioo cha kwanza kwa majivu, kama sufuria, ukatoka. Kabla sijagusa cha pili, nikasikia hodi. Washenga wamewahi.

Mzee Tobia, kiongozi wao, hakuzunguka. Alisema wamesikia habari ya kioo, wakione kwanza, ndipo wafungue posa.

Rahabu akaleta kile kilichobaki na utando, akaniangalia. Nikainamia chai.

Akaweka beseni la maji juani, maharage yamezama chini ndani yake. Mzee hakuona kitu, maji yanang'aa tu. Rahabu akaunga kioo kwenye betri ya tochi, akamshikia jichoni. Mng'ao ukafutika, mzee akaanza kuhesabu maharage.

Rahabu akaeleza taratibu: mwanga hutikisika kama kamba, mwingine wima, mwingine kwa kulala. Unaong'aa juu ya maji mwingi ni wa kulala. Ule utando, mwembamba kuliko unywele mara elfu, ukipewa umeme huuzuia huo. Ukiukatia umeme, huuachia. Bwawani, alikokwenda kukijaribu, aliwaambia watu wataona ndani ya maji. Nguo waliziongeza wenyewe.

Mzee Tobia akamgeuzia kioo dada yake aliyekuja naye, Sesilia. Sesilia akajifunika haraka.

"Tulia, dada. Naona kanga tu, tena ina doa la chai."

Tukacheka mpaka posa ikapokelewa katikati ya kicheko. Lakini kioo nilichokisugua kilimchukua Rahabu miezi miwili kukitengeneza, na sasa anaanza upya. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi epukeni:

Kuamini la sokoni kabla ya kumuuliza mtoto.
Kufungua kiboksi cha mtu akiwa bafuni.
Kusugua utando usioujua, hata kwa kitambaa.
Kugusa kioo hicho kwa kidole chenye mafuta.
Kuinamia chai badala ya kusema samahani.