Randa ya Ndalahwa

Kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi, Ndalahwa wa Igogo alichukua kiinua mgongo chake chote, akaenda Mirongo, akarudi na mkokoteni uliobeba mashine ya randa iliyokwisha tumika. Mkewe Odeta, ambaye alikuwa akingojea friji ya kuuzia maji ya barafu, aliizunguka mara mbili.

"Na hii nayo inagandisha?"

Ndalahwa akaanza kuishusha. Alikuwa amepata kazi ya mabenchi ya kanisa, na mbao zilikuwa zimeshashushwa uani. Akavuta waya mpya kutoka kwenye swichi ya sebuleni hadi kwenye kibanda chake, akaubana ukutani kwa misumari, ukanyooka kama mstari wa daftari. Akawasha swichi. Pa! Umeme ukakatika nyumba nzima.

Mpangaji wao wa chumba cha nyuma, Mwalimu Rutashobya, mzee mstaafu, akatoka na redio mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilikuwa nasikiliza matangazo ya vifo. Wametaja ukoo, wametaja kijiji, walipofika kwa marehemu mwenyewe, ukakata."

Ndalahwa akarudisha swichi kubwa, akajaribu tena. Pa! Akaishuku pasi ya Odeta. Akaishuku taa ya jikoni, kisha redio ya Mwalimu. Siku ya pili akaifungua mota, akapuliza vumbi, akapaka grisi. Siku ya tatu akaifungua tena. Pa! Mwalimu akaenda kununua betri.

"Mume wangu," Odeta akasema, "sasa umebaki kunishuku mimi."

Usiku huo Ndalahwa hakumaliza ugali wake. Odeta alipoona hivyo, utani ukampungua. Asubuhi akamfuata kibandani.

"Kule Mirongo uliiona ikifanya kazi?"

"Iliunguruma mpaka nikaziba masikio."

"Basi sidhani iliharibikia kwenye mkokoteni."

Odeta akaichomoa mashine, akachomeka pasi mahali pake.

"Odeta, hapa si mahali pa kupigia nguo pasi."

"Kawashe."

Pa!

"Endeleeni tu!" Mwalimu akapaza sauti kutoka chumbani. "Leo nina betri!"

Odeta akachomoa na pasi. Waya ukabaki mtupu, hauna kitu mwishoni. Ndalahwa akawasha. Pa! Wakatazamana.

Wakazima swichi kubwa, wakaufuata waya kwa vidole, yeye juu, mkewe chini. Nyuma ya mlango wa sebule wakaukuta: msumari mmoja, umepigwa vizuri kabisa, katikati ya waya.

Ndalahwa akakaa juu ya mbao. "Siku nne nahangaika na mashine isiyo na kosa."

"Usiiombe radhi. Itapata kiburi."

Ndalahwa akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze. Wakabadilisha waya, safari hii wakaubana kwa klipu. Mashine ikanguruma, ubao ukatoka mweupe, laini kama ganda la yai. Odeta akaupapasa kwa kiganja, kisha akajifunga kanga kiunoni.

"Sogea. Wa pili naingiza mimi."

Siku mabenchi yalipopokelewa kanisani, mchungaji alimsifu fundi. Ndalahwa akasimama, akasema aliyeigundua hitilafu ni mkewe. Watu wakacheka, wakidhani anatania.

Jumatatu asubuhi mama mmoja wa jirani akabisha hodi. Ndalahwa akamfungulia.

"Karibu, mama. Unataka kitanda au kabati?"

"Wewe sikutaki," mama akasema. "Mashine yetu ya kusaga inakata umeme. Odeta yupo?"